Sauti ya Nani Katika Sikio la Mwanafunzi?

Ushairi wa Kiswahili ni sanaa ya sikio kabla ya kuwa sanaa ya jicho. Kauli hii hukaririwa na kila mpenzi wa ushairi, tangu Lamu hadi Kilwa, na hakuna aipingaye. Ajabu ni kwamba haitekelezwi pale ambapo mashairi husomwa na watu wengi kuliko popote pengine, yaani darasani. Kwa miaka mingi, chini ya mtaala wa 2005, vijana wa sekondari wa Tanzania Bara walisomeshwa Wasakatonge ya Mohamed Seif Khatib na Malenga Wapya ya TAKILUKI, diwani mbili zilizozaliwa Zanzibar, pamoja na Mashairi ya Chekacheka ya Theobald Mvungi. Katika wilaya ya Nyamagana, jijini Mwanza, kuanzia Mirongo na Pamba hadi Buhongwa na Luchelele, diwani hizo zimehesabiwa mizani kwa ncha ya kalamu, zimepigiwa mistari vina vyake, na dhamira zake zimeorodheshwa katika karatasi za mtihani. Lakini aliyepata kusikia hata ubeti mmoja ukighaniwa na mtu aliyelelewa katika sanaa hiyo ni mwenye bahati. Mashairi ya visiwani yamevuka bahari na nchi kavu yakafika ukingoni mwa Ziwa Viktoria yakiwa mabubu.

Madhara ya ububu huo ni ya kielimu khasa. Mwanafunzi huambiwa kwamba mizani ni silabi, kisha huachwa ahesabu kwa macho. Akifika kwenye neno "mtu" huingiwa na shaka: ni mizani moja au mbili? Akifika kwenye "mbuzi" hushuku zaidi, kwa kuwa herufi ya mwanzo ni ile ile. Sikio lingemjibu papo hapo. M ya "mtu" husimama peke yake na kubeba pumzi yake. M ya "mbuzi" huegemea b zikatoka kwa pamoja. Ndivyo ilivyo pia katika vina. Vijana wengi wa bara hutamka dh kama z, na gh kama g, kwa kuwa lugha walizolelewa nazo majumbani haziwapi sauti hizo. Kwao kina cha "-dha" na kina cha "-za" ni kimoja, na mwalimu anayewakosoa kwa wino mwekundu hajawaonesha kosa liko wapi. Dakika kumi za kuusikiliza ubeti mmoja ukighaniwa, ukarudiwa, kisha ukaigwa na darasa zima, zina manufaa kuliko kurasa kumi za maelezo juu ya ukwapi na utao.

Hapa ndipo podikasti inapostahiki kuingia darasani. Podikasti ni kipindi cha sauti kilichonaswa na kuhifadhiwa ili msikilizaji akisikilize wakati wowote atakapo. Redio ikishasema imeshapita. Podikasti husimamishwa, hurudishwa nyuma, hukatizwa kwa swali la mwanafunzi na kuendelea. Wala haidai gharama kubwa. Maneno ya dakika kumi yaweza kuhifadhiwa katika takriban megabaiti 5, na memori kadi ya gigabaiti 8 ikabeba zaidi ya vipindi elfu moja vya namna hiyo. Vijana wa Mwanza hawahitaji kufundishwa jambo hili; wamekuwa wakijaziwa nyimbo kwenye memori kadi na flashi katika vibanda vya mitaani, bila ya intaneti yoyote. Simu moja ya mwalimu na spika moja vyatosha darasa zima.

Basi chombo kipo. Kinachokosekana ni fikra. Kila TEHAMA inapotajwa katika elimu, hesabu huwa ni ya vyombo: vimenunuliwa vingapi, vimefika skuli ngapi, vimekabidhiwa na kiongozi gani. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani vilikabidhiwa kwa walimu nchini. Hilo lilikuwa jambo jema, na asiyeshukuru kidogo hashukuru kingi. Lakini swali la pili halikuulizwa kwa sauti iliyo sawa na ile ya makofi: ndani ya kishikwambi mna nini, kinasema lugha gani, na ni sauti ya nani? Jirani zetu wa Kenya waliahidiwa mwaka 2013 kwamba watoto wa darasa la kwanza watapewa kompyuta, na vifaa vikaanza kusambazwa mwaka 2016. Yaliyoripotiwa baadaye ni ya kusikitisha: skuli zisizo na umeme, walimu wasioandaliwa, na vifaa vilivyofungiwa makabatini. Chombo kisicho na neno ndani yake ni kama ngoma isiyo na mpigaji; huwekwa juu ya kabati ikapata vumbi.

La kusikitisha zaidi ni kwamba Mwanza ingeweza kuifundisha dunia nzima somo hili. Kuanzia mwaka 1968 hadi 1972, mji huo ulikuwa makao ya mradi wa majaribio wa elimu ya watu wazima ulioendeshwa na Serikali pamoja na UNESCO katika mikoa ya Ziwa. Mkulima wa pamba alifundishwa kusoma kwa maneno ya pamba, na mvuvi kwa maneno ya uvuvi. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya "Mtu ni Afya" iliyosikilizwa redioni nchi nzima, ikakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza. Takwimu rasmi zasema kwamba watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 67 mwaka 1970, na kufika mwaka 1986 wamebaki asilimia 9.6. Anayedhani kwamba redio ndiyo iliyofanya kazi katika "Mtu ni Afya" hajaelewa kilichotendeka. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, kitabu mkononi, na mjadala baada ya kipindi, kisha wanakikundi wakaondoka kwenda kuchimba choo au kufyeka majani yaliyoizunguka nyumba. Na yote hayo yalikuwa kwa Kiswahili. Sauti ilifungua mlango. Watu ndio walioingia.

Zanzibar nayo ina ushahidi wake. Katika mradi wa RISE ulioanza mwaka 2006, watoto wadogo wa mijini na mashamba walisoma kwa vipindi vya "Tucheze Tujifunze", sauti ikitoka redioni na mwalimu akiongoza mchezo na wimbo. Mwaka 2008 Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle ikaanzisha mfululizo wa "Noa Bongo, Jenga Maisha Yako", michezo ya kuigiza ya kuwaelimisha vijana, ambayo iliweza pia kupakuliwa kutoka kwenye intaneti. Kwa hiyo podikasti ya kufundishia kwa Kiswahili si ndoto ya kesho. Ni jambo lililokwisha fanyika, kisha likaachwa lionekane kama ugeni.

Kwa nini liliachwa? Kwa sababu wengi wanaozungumzia elimu ya kidijitali wanaamini kimoyomoyo kwamba mashine inajua Kiingereza tu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, iliyozinduliwa mwaka 2025, imekibakiza Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia sekondari, na Zanzibar haina haki ya kucheka, kwa kuwa sera yake ya 2006 iliamua Hisabati na Sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Matokeo yake ni kwamba anayetaka kuweka masomo katika simu hutafuta masomo ya Kiingereza, tena aghlabu ya watu wasiopata kuiona Igoma wala Mkolani. Na apimwe kwa akili ya kawaida mtoto aliyetoka darasa la saba kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza kwa Kiingereza. Haelewi Kiingereza cha mwalimu aliye mbele yake, ambaye anamwona midomo na anaweza kumuuliza. Ataelewaje Kiingereza cha sauti isiyo na uso, isiyoulizika, isiyojua kwamba yeye yupo? Podikasti ya namna hiyo haimwondolei mzigo. Humtwisha wa pili juu ya ule wa kwanza.

Watetezi wa Kiingereza watasema kwamba mtihani ni wa Kiingereza, kwa hiyo Kiswahili kitamchelewesha. Hoja hiyo ina nguvu ya karatasi tu. Mtoto aliyeelezwa kwa Kiswahili safi, kwa dakika kumi, namna jani linavyonasa mwanga na kuugeuza chakula, na akalijua neno usanisinuru kwa maana yake, atakapolikuta jina la Kiingereza atakuwa na kitu cha kulivika. Asiyeelewa kitu atakariri jina tupu, na jina tupu halikai. Kutumia sauti za Kiswahili kuyafungua masomo hayo hakuhitaji kusubiri sera ibadilike.

Wapo wapinzani wengine, na hawa wamo ndani ya nyumba ya washairi wenyewe. Wao husema kwamba mashine huua kumbukumbu. Kwamba malenga wa kweli huhifadhi kifuani, na kwamba mtoto akizoea kubonyeza atasahau kughani. Na watazame mfano wa Mombasa. Muyaka bin Haji alifariki mwaka 1840, na mashairi yake yaliokolewa miongo mingi baadaye kutoka vifuani mwa watu, kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na Taylor. Kumbukumbu ilifanya kazi kubwa, na heshima yake haiwezi kupunguzwa. Lakini maneno ya Muyaka yamebaki, sauti yake haikubaki. Hajulikani alivuta wapi pumzi, aliuma neno gani, alicheka wapi. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kunasa nyimbo zake katika santuri, husikika hadi leo. Mtambo ulikuwa wa wageni, nao wala haukumdai aimbe kwa lugha yao. Hakuna mwimbaji wa taarab aliyeacha kujifunza nyimbo kwa moyo kwa sababu ya santuri za Siti. Wengi walijifunza kwa kuzisikiliza.

Kuna kikwazo kimoja tena, nacho kinawahusu wasomaji wa mwambao moja kwa moja. Inapopendekezwa kwamba vijana wa Mwanza nao wanase sauti zao wakighani, hutokea wa kucheka lafudhi yao, kana kwamba Kiswahili ni mali ya aliyezaliwa karibu na maji ya chumvi. Maji matamu nayo yamezaa. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, na diwani yake ya Kichomi ya mwaka 1974 ilizua mjadala wa vina na mizani ambao hadi leo haujazimika. Awe alikosea au alipatia, ushairi wa Kiswahili haukurudi ulivyokuwa. Aniceti Kitereza, wa Ukerewe pia, alimaliza kuandika riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945, hakupata mchapaji, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikachapishwa mwaka 1980. Mwaka uliofuata alifariki. Miaka thelathini na mitano mtu alingoja asikiwe! Leo bibi wa Ukerewe au mvuvi wa Nyegezi anaweza kusimulia asubuhi, na darasa la Butimba likamsikiliza jioni. Kumnyima nafasi hiyo kwa sababu lafudhi yake haipendezi sikio la Mji Mkongwe ni kumrudisha kwenye foleni ya Kitereza.

Yafanywe nini, basi? Nyamagana ina kila kinachohitajika. Ina Chuo cha Ualimu Butimba, kinachosifika kwa kuandaa walimu wa sanaa na muziki. Ina Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, ambacho husomesha uandishi wa habari na kina redio yake. Karibu nayo, Kisesa, ipo Makumbusho ya Bujora, ambako nyimbo na ngoma za Bagika na Bagalu zimehifadhiwa. Visiwani kuna Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na kuna malenga walio hai ambao hawataishi milele. Malenga hao wanaswe wakighani mashairi yanayosomeshwa, kila bahari kwa mahadhi yake, na sauti hizo zipelekwe Mwanza bila ya malipo. Wanafunzi wa Mwanza nao watunge, waghani, wanase, na kazi zao ziletwe visiwani zisikilizwe kwa adabu ile ile. Wazazi waridhie kwanza, na majina ya watoto yalindwe. Mwalimu ndiye awe mwenye spika na mwenye kuamua lini isimame na lini iendelee. Hakutakuwa na haja ya mwanafunzi kuleta simu skuli, jambo ambalo limekatazwa, wala haja ya kungoja shehena nyingine ya vifaa.

Sikio la kijana wa Nyamagana haliko tupu. Limejaa muziki, matangazo na mahubiri, kuanzia alfajiri hadi usiku, kutoka katika simu za ndugu zake na vipaza sauti vya daladala. Wote wamekwisha fika humo, isipokuwa mwalimu wake na mshairi wake. Washairi wakiendelea kubishana kama ni halali kwao kuingia, wasishangae watakapokuta kizazi kizima kinachojua kuhesabu mizani na kisichoweza kuisikia.