Mtandao wa foni: nani atashika jina?

Mbele ya simu za mkono kufika, habari za Bukavu kwenda Shabunda zilipita kwa foni. Leo foni hiyo hiyo inaweza kubeba barua na data za kompyuta, na hapo linatokea swali ambalo watu wanapitisha mbio mbio: jina la mtandao huo kwenye intaneti litaandikwa kwa nani?

Si swali la heshima tu. Jina halinunuliwi, linakodiwa kwa mwaka. Mutu mmoja akiliandikisha kwa imeli yake, kisha akahamia Kampala ao akafariki, kikundi kizima kinabaki inje ya mlango. Na tangu M23 iingie Bukavu, Februari 2025, na benki kufunga, kulipa kwa karte ukiwa Muhumba ni hesabu ingine. Malipo yakikosa, jina linarudi sokoni na mugeni analibeba.

Je, .cd? Hiyo ni ya inchi, lakini kumbe hata jina la inchi linakufa: Zaire ilipogeuka Kongo mwaka 1997, .cd ilikuja, na .zr ikafutwa kabisa mwaka 2001.

Wapenzi wa redio wa dunia, wale wanaoitwa amateri, wako na ampr.org. Kila mmoja anapata jina kufuatana na indikatifu yake; za Kongo zinaanza na 9Q. Hakuna kulipa. Shida ni kwamba indikatifu inatoka kwa serikali, na mwenye kushika ufunguo ni shirika moja la California, ARDC. Mwaka 2019 liliuzia Amazon adresi karibu milioni 4 kati ya milioni 16 za amateri. Feza zilienda kusaidia miradi ya redio, ni kweli, lakini wengi walisikia habari wakati mauzo yalikuwa yamekwisha.

Kwa Muhumba, .org inayolipwa miaka kumi mara moja, kwa jina la shirika na funguo kwa watu watatu, inaonekana kuwa na nguvu zaidi. Lakini lisiachwe la lazima: nakala ya orodha ya majina ikae kwenye mashini ya hapa hapa Bukavu. Kisha uchaguzi wa Desemba 2018, intaneti ilikatwa inchini karibu siku 20. Foni haikukatwa.