Vitamini A si Dawa ya Kila Jicho

Mtu asiyeona vizuri jua likishatua aghalabu huambiwa jambo moja tu: ale karoti kwa wingi, au anunue vidonge vya vitamini A. Ushauri huo umeokoa macho ya watoto wengi, wala haustahili kudharauliwa. Lakini ukitolewa kwa kila mtu bila ya kuchunguza chanzo cha maradhi, waweza kumpotezea mgonjwa fedha na wakati, na pengine kumdhuru.

Nyuma ya jicho, kwa ndani, umetandazwa utando mwembamba uitwao retina. Humo zimo seli zinazopokea mwanga hafifu, nazo hutumia protini iitwayo rodopsini ambayo haiwezi kufanya kazi bila ya vitamini A. Mwanasayansi wa Marekani, George Wald, aliigundua vitamini hiyo katika retina mwaka 1933, na mwaka 1967 akawa miongoni mwa waliotunukiwa Tuzo ya Nobel. Basi mwili ukipungukiwa na vitamini A, kuona gizani hudhoofika mapema.

Upungufu huo huwapata hasa watoto wadogo wenye lishe duni, na huzidishwa na surua na kuharisha. Tiba yake ni vitamini A yenyewe, tena upesi, kwani kioo cha mbele cha jicho chaweza kuharibika kabisa kwa muda wa siku chache. Ndiyo maana matone wanayopewa watoto wa chini ya miaka mitano katika nchi zenye upungufu huo ni jambo la lazima. Mchicha, kisamvu, maembe, mapapai, mafuta ya mawese na maini ni kinga ya kila siku.

Lakini liko kundi la pili. Retinitisi pigmentosa ni maradhi ya kurithi ambayo humpata mtu mmoja hivi katika kila watu 4,000. Mgonjwa huanza kwa kutoona usiku. Kisha, kwa miaka mingi, uwezo wa kuona pembeni hupungua hadi akawa kama anayechungulia ndani ya bomba. Hapa kasoro haimo katika chakula, bali katika jeni. Mfano wake ni mwenye nafaka tele ghalani, ilhali kinu chake kimevunjika: hata akiongezewa magunia, unga hautapatikana.

Hata hivyo, mwaka 1993 watafiti wa Boston, Marekani, wakiongozwa na Eliot Berson, walitoa matokeo yaliyoleta matumaini makubwa. Walikuwa wamewafuatilia wagonjwa 601, na wakaeleza kuwa yuniti 15,000 za vitamini A kwa siku zilipunguza kidogo kasi ya kudhoofika kwa retina, kwa kipimo cha umeme unaotolewa na utando huo. Vitamini E, kwa upande wake, ilionekana kudhuru. Baadhi ya wataalamu walitia shaka tangu mwanzo, kwa kuwa upana wa kuona haukuonyesha tofauti ya wazi. Mwaka 2023 takwimu hizo zilichambuliwa upya, safari hii pamoja na jeni za wagonjwa, na faida iliyodaiwa haikuthibitika.

Yafaa ieleweke pia kuwa vitamini A nyingi si kitu kisicho na hatari. Huweza kuumiza ini na kudhoofisha mifupa, na kwa mja mzito huweza kumletea mtoto ulemavu. Zaidi ya hayo, katika ugonjwa wa kurithi uitwao Stargardt, mabaki ya vitamini A hurundikana katika retina na kuiua. Mgonjwa wa aina hiyo huonywa asimeze vidonge hivyo. Kwa upande mwingine, yapo maradhi machache ya kurithi ambamo mwili hushindwa kufyonza mafuta, na humo vitamini A ni sehemu ya tiba. Dalili ni moja, lakini dawa ya huyu yaweza kuwa sumu ya yule.

Kwa hiyo hapana budi chanzo kitangulie kidonge. Mtoto mdogo asiyeona jioni apewe vitamini A bila ya kuchelewa. Kijana au mtu mzima anayekula vizuri, ambaye uoni wake unafifia mwaka hadi mwaka, au mwenye ndugu wenye hali kama hiyo, apelekwe kwa daktari wa macho kabla ya kuuziwa chochote. Kuijua jeni yenye kasoro si anasa ya wataalamu: mwaka 2017 Marekani iliidhinisha tiba ya kurekebisha jeni moja, RPE65, lakini haiwafai wenye kasoro katika jeni nyingine.

Wengi bado hawana tiba, nao wanastahili kuambiwa ukweli huo kwa upole. Atakayeujua mapema ataweza kuchagua kazi, kujifunza kutembea kwa fimbo nyeupe na kusoma maandishi ya nukta nundu wakati angali anaona. Msaada huo ni wa kweli kuliko chupa ya vidonge.