Kumhukumu Mgeni Kabla ya Kumsikiliza



Wapendwa waamini, wapo miongoni mwetu wasemao kwamba mgeni akinyimwa kibali cha kukaa kwa sababu ya tabia yake, basi amejitakia mwenyewe. Hoja hiyo tunaikataa.

Hatusemi kwamba dola haina haki ya kuweka masharti. Katekisimu, namba 2241, yaikiri haki hiyo, tena yamdai mgeni aheshimu sheria za nchi iliyompokea. Tunachokipinga ni neno “tabia” kugeuzwa gunia la kutilia kila kitu.

Tutazame Uingereza. Kanuni zake za uhamiaji zilikuwa na aya ya 322(5), iliyoruhusu kumnyima mtu kibali kwa mwenendo wake, tabia yake, watu anaoshirikiana nao, au kwa kuwa ni tishio kwa usalama wa taifa. Aya hiyo hiyo ikawaangukia wataalamu wa kigeni waliofanya kazi huko kihalali kwa miaka mingi, nao sasa wakiomba ukaazi wa kudumu. Kosa lao? Mapato waliyoyataja katika maombi ya kibali hayakulingana na yale waliyoyatangaza kwa mamlaka ya kodi. Wengine walikwisha kuyasahihisha wenyewe, jambo ambalo sheria ya kodi yaliruhusu. Yamkini wamo waliodanganya kwa makusudi, hao hatuwatetei. Lakini wapo waliosema kosa ni la mhasibu, wala hawakuulizwa kabla ya kuandikiwa kwamba si waaminifu. Jina la mtu likachafuliwa kwa barua moja, pamoja na riziki ya mkewe na watoto.

Tarehe 16 Aprili 2019 Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba utaratibu ule ulikuwa na kasoro. Tofauti ya hesabu yaweza kuzua shaka, lakini shaka si uthibitisho wa udanganyifu. Mtu sharti aelezwe tuhuma na ajitetee kabla ya uamuzi. Je, hayo yalihitaji majaji? Nikodemo alikwisha kuwauliza Mafarisayo swali hilo juu ya Bwana wetu. Mungu naye, ajuaye yote, alimhoji Adamu kabla ya kumtoa bustanini! Na sisi tunaokubali kosa la jirani pasipo msingi wa kutosha, hata kimoyomoyo, Katekisimu namba 2477 yatuhesabia hatia.

Aya ile iliondolewa tarehe 1 Desemba 2020, ila maneno “mwenendo” na “tabia” yamebaki katika kanuni zilizoshika nafasi yake. Wenye ndugu huko wawaambie watunze nakala za kodi na barua zote za wahasibu wao.