MIZANI MPYA SI YA KARANI PEKE YAKE



Mizani ya kidijitali imekwisha kufika ghalani. Simu ya kuandikia mauzo nayo imefika, na sasa majina yetu na mahesabu yetu yanatakiwa yaingie katika MUVU, yaani Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, unaosimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Haya ni mambo mema na sisi tunayaunga mkono. Mizani ya zamani ya mshale tunaijua sote. Mshale ukitikisika karani alisoma alivyopenda, na kilo mbili tatu za kahawa ya mtu zilipotea hivi hivi. Hatuililii.

Lakini jamani, msimu uliopita tumeona nini? Mizani mpya iligeuzwa ikatazama ukuta. Karani alikaa upande wa namba, mkulima akabaki nyuma ya gunia lake akitazama mgongo wa mashine. Simu ilikaa mfukoni mwa mtu mmoja, na namba ya siri aliijua yeye tu. Siku aliyokwenda msibani, mama zetu walikaa barazani na magunia yao hadi jioni, wakayarudisha nyumbani kwa kichwa, mlima ule ule. Mashine ilikuwepo, chaji ilikuwepo, wa kuiwasha ndiye hakuwepo. Chama kikinunua chombo na kumkabidhi mtu mmoja, chama hakijapata chombo. Kimempatia mtu huyo kiti cha enzi.

Na mkulima akithubutu kuuliza anajibiwa, ati, "Mzee, hii ni kompyuta, haikosei." Huo ni uongo mtupu. Mizani isiyoanzia sifuri inakosea kwa kila gunia, tena kwa namba nzuri zinazong'aa. Gunia tupu nalo lina uzito wake, ni lazima utolewe wazi wazi, usikadiriwe kichwani mwa mtu. Mizani ya biashara hukaguliwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka na kubandikwa stika, na serikali isingesumbuka kuikagua kama ingekuwa haikosei! Na karani akiandika kilo 45 badala ya 54, simu inapokea tu. Haijui shamba lako wala haikukuona ukipalilia.

Kuna na wengine, hawa tunawapinga vile vile. Wanasema mashine zirudishwe, wazee hawataziweza, watu wa milimani ni wagumu wa mambo mapya. Nani kasema? Mwalimu Nyerere alipozitaja wilaya sita zifute ujinga wa kusoma na kuandika kabla ya mwisho wa mwaka 1971, Pare ilikuwa mojawapo, pamoja na Mafia, Ukerewe, Masasi, Kilimanjaro na Mpanda. Wakati huo Same na Mwanga bado ni wilaya moja. Wazee wetu walitoka shambani na matope miguuni wakashika kalamu. Waliofundisha hawakuwa wataalamu watupu. Walikuwamo walimu wa shule, wanafunzi, na wanakijiji waliojua kidogo wakiwafundisha wasiojua. Hakuna aliyefundisha watu wawili kisha akatangaza kwamba kijiji kimesoma. Na baadhi yetu tunaoandika gazeti hili la ukutani tumejulia kalamu ukubwani, katika madarasa ya kisomo ya jioni, tukiwa tayari na watoto. Asituambie mtu kwamba kichwa cha mtu mzima hakiingii kitu.

Tazameni M-Pesa. Ilianza nchini mwaka 2008. Hakuna aliyewafanyia semina bibi zetu wanaouza ndizi sokoni, na leo wanapokea pesa, wanasoma salio, na makato yakizidi wanapiga kelele. Kwa nini waliweza? Kwa sababu pesa ni yao na ujumbe unaingia katika simu yao wenyewe.

Ugumu tunaosingiziwa tunaujua asili yake. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka Same kupinga kodi ya mbiru. Hawakukataa kulipa kodi. Walikataa watu kukaa na kukadiria mali ya mwenzao wapendavyo. Basi mkulima wa leo anayekataa namba asiyoionyeshwa si mjinga, ni mjukuu wa wale.

Kwa hiyo tunataka hivi. Mizani igeuzwe leo, imtazame mwenye gunia. Kabla ya kupima isomwe sifuri kwa sauti, na mkulima asome kilo zake mwenyewe kabla karani hajaandika. Asiyeona vizuri asomewe na mtu aliyemchagua yeye. Wafundishwe watu wawili kutoka kila kitongoji, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, na kila mmoja awe na namba yake ya siri ili ijulikane nani kaandika nini. Kitabu cha zamani kisitupwe. Kiandikwe sambamba na simu msimu mzima, na kila jioni ya mauzo vilinganishwe mbele ya watu. Ndiyo, ni kazi mara mbili. Lakini kosa likionekana siku hiyo hiyo linasahihishwa kwa kalamu, likionekana mwezi wa malipo linaleta ugomvi wa koo na koo.

Wanaolalamika kwamba mafunzo ni gharama, tunawauliza: ndiva zetu nani alizilipia? Tunazizibua kwa msaragambo, na kila mtu anajua zamu yake ya maji na anajua kuziba na kuzibua. Saa moja siku ya mauzo haitamuua mtu.

Jambo hili tumeliingiza katika ajenda ya mkutano mkuu ujao. Kila mwanachama aje na stakabadhi zake za msimu uliopita, tuzilinganishe na yaliyomo katika simu, jina kwa jina, mbele ya wote. Karani aje na simu, na chaja asiisahau.