Mashauri ya Nyumbani: Kununua Gitaa la Besi la Kwanza

Wazazi na walimu wa kwaya hutuuliza mara kwa mara habari za gitaa la besi, maana kijana akianza kulitamani halali usingizi, wala wa nyumbani mwake hawalali. Fedha zenyewe ni chache, na mara nyingi si za mtu mmoja: ni akiba iliyosalia baada ya ada za shule, au ni changizo la kwaya lililokusanywa kidogo kidogo kwa miezi mingi. Kwa hiyo twalinena mapema neno lililo kubwa kuliko mengine. Anunuaye gitaa la besi ananunua shingo. Rangi, vifundo, nyuzi, hata zile sumaku zishikazo sauti, vyote vyaweza kubadilishwa na fundi. Lakini shingo iliyojipinda kama kamba ni hasara, na mwenye kuliuza hatakuambia.

Kwa nini shingo? Kabla ya mwaka 1951 bendi nyingi zilitumia besi ya kusimama, yaani fidla kubwa ipitayo kimo cha mtu, ngumu kuchukuliwa safarini, na sauti yake ikamezwa na ngoma na tarumbeta. Mpigaji wake alitafuta sauti kwa sikio na mazoea, kwani shingoni hapakuwa na alama. Mwaka huo Leo Fender, fundi wa redio wa mji wa Fullerton, California, ambaye mwenyewe hakujua kupiga gitaa, akatoa besi ya umeme yenye kushikwa kama gitaa, na shingoni mwake vimelazwa vichuma vyembamba. Kidole kikibonyeza nyuma ya kichuma, sauti hutoka ilivyo, haipandi wala haishuki. Ndiyo sababu aliiita Precision, maana yake usahihi. (Si yeye wa kwanza kabisa: Paul Tutmarc wa Seattle alitengeneza kitu cha namna hiyo katika miaka ya 1930, lakini hakikuenea.) Kipimo alichokichagua Fender ndicho kitumikacho na wengi hata leo: nyuzi nne, E, A, D na G, zenye urefu wa inchi 34, yaani sentimita 86 hivi, kati ya kichwa na daraja. Nyuzi hizo nene kwa pamoja huivuta shingo kwa nguvu ipitayo kilo 60, usiku na mchana, miaka nenda miaka rudi. Ndani ya shingo imefichwa fimbo ya chuma ya kushindana na mvuto huo.

Basi ukiletewa gitaa, usianze kulipiga. Liinue, uweke jicho lako kichwani mwake, utazame kando ya shingo hadi mwilini, kama seremala atazamavyo ubao kabla ya kuulipia. Shingo nzuri huwa karibu kunyoka, ikiwa na mbonyeo mdogo sana kuelekea nyuzi. Ikionekana imeinama kama upinde, fundi aweza kuirudisha kwa kuzungusha ile fimbo. Lakini tazama kwanza kama tundu la ufunguo wake li zima, maana likiwa limekwisha kulika kazi hiyo haiwezekani. Ikionekana upande mmoja umeinuka na wa pili umeshuka, mshukuru mwenyewe, urudi nyumbani. Hapo usibishane bei.

Kisha bonyeza uzi wa E kwenye kichuma cha kwanza kwa mkono mmoja, na kwenye kichuma cha mwisho kwa mkono wa pili, utazame katikati: pafaa kuwe na nafasi ya kupitisha karatasi, si ya kupitisha sarafu. Baada ya hayo piga kila uzi katika kila kichuma, kimoja kimoja, pasipo haraka, hata muuzaji akikuna kichwa. Sauti ikikwaruza mahali pamoja tu, kichuma kimoja kimeinuka, nalo ni jambo la fundi. Ikikwaruza kila mahali, huenda nyuzi zimeshushwa mno, na hiyo ni kazi ndogo. Gusa uzi kwa wepesi juu ya kichuma cha kumi na mbili, nao utalia kama kengele. Kisha ubonyeze papo hapo. Sauti hizo mbili zapasa kuwa moja. Zikitofautiana kidogo, viko viskurubu vya daraja vya kuzilinganisha.

Mambo ya umeme hayatutishi sana. Vifundo vikikoroma ukivizungusha, mara nyingi ni vumbi. Tundu la waya likilegea, ni lehemu ya dakika chache. Sumaku isiyotoa sauti kabisa ni gharama, basi ipunguzwe katika bei. Tena uliza kama gitaa latumia betri ya volti 9 ndani yake. Liko la namna hiyo, na betri ikifa katikati ya wimbo nalo hufa. Kwa mwanafunzi twapenda lile lisilohitaji betri.

Sasa jipya au lililotumika? Fender hutoa magitaa ya bei nafuu kwa jina la Squier tangu mwaka 1982. Yamaha na Ibanez nao hutengeneza ya wanafunzi yaliyo imara. Haya yakiwa mapya huuzwa huko Marekani kwa kadiri ya dola 200 hadi 300, bila kuhesabu usafiri na ushuru. Kwa fedha hizo hizo waweza kupata lililotumika lenye mbao na vyuma bora zaidi, kwani gitaa hupoteza thamani siku ya kwanza litokapo dukani, na baadaye hushuka polepole. Kwa hiyo likiwapo jirani mtu ajuaye kulikagua, twachagua lililotumika. Asipokuwapo, chukueni jipya katika duka litakalokubali kulipokea tena, wala msione haya. Kulinunua lililotumika kwa kutazama picha katika simu ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Nalo jina lililoandikwa kichwani si cheti. Mwenye kughushi huliandika kwa asubuhi moja.

Mtu asidhani kwamba la bei nafuu ni la aibu. Paul McCartney alipokuwa Hamburg mwaka 1961 alinunua besi ya Höfner yenye umbo la fidla kwa pauni 30 hivi, kwa sababu Fender ilikuwa ghali kwake, tena umbo lake lililo sawa pande zote mbili lilimfaa yeye apigaye kwa mkono wa kushoto. Iliibwa London mwaka 1972, na habari za kurudishiwa kwake zikatangazwa mwaka 2024. Miaka hamsini na zaidi, naye alikuwa bado anaitaka!

Lakini wengi humaliza fedha zote kwa gitaa, wakasahau kwamba besi ya umeme bila spika ni ubao wenye nyuzi. Uzi wa E hutikisika mara 41 tu kwa nukta moja ya saa, na spika ya redio au ya gitaa la kawaida hupasuka ikilazimishwa kutoa sauti nzito kama hiyo. Kwa mazoezi chumbani amplifaya ya besi ya wati 15 au 25 yatosha. Kwa kwaya yenye ngoma yatakiwa wati 100 au zaidi, na hapo yafaa kwaya inunue amplifaya na mzazi anunue gitaa. Wekeni pia fedha za waya, mkanda wa begani, na nyuzi za akiba. Nyuzi za besi ni ghali kuliko za gitaa dogo, ijapokuwa hudumu. Kifaa cha kupatanisha nyuzi hakina haja ya kununuliwa, kwa kuwa programu za bure za simu hufanya kazi hiyo.

Mtoto mwenye mikono midogo apewe gitaa fupi la inchi 30. Kuhusu nyuzi tano, ambazo vijana wa kwaya huzipenda sana, shauri letu ni kuanza na nne. Shingo ya tano ni pana, nao uzi wa B katika magitaa ya bei nafuu mara nyingi huvuma bila kueleweka. Kabla ya kulipa, kijana mwenyewe alivae akiwa amesimama kwa robo saa. Yako yanayofika kilo 4 na nusu, na mengine kichwa chake huanguka chini ukikiachilia, hata mkono wa kushoto ukachoka kwa kukishika badala ya kupiga.

Likifika nyumbani lisitundikwe chini ya bati lenye jua wala kuegemezwa ukuta wenye unyevu. Masika na kiangazi huisogeza shingo kidogo. Ile fimbo izungushwe robo mzunguko tu, kisha gitaa liachwe hadi kesho yake ndipo litazamwe tena.