MAONI YETU: Gesi ni yetu, vituo viko wapi?

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo za mafuta. Petroli ikipanda, hesabu anayopeleka dereva wa bajaji kwa tajiri wake haishuki. Kinachopungua ni unga nyumbani kwake. Dizeli ikipanda, nauli hufuata, na nyanya za Kariakoo nazo hufuata.

Mafuta tunaagiza nje na kuyalipia kwa dola. Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, maumivu tuliyapata hapa, hadi Serikali ikatoa ruzuku ya Sh100 bilioni kupunguza makali ya bei za Juni. Ruzuku ile ilisaidia, lakini fedha hizo zilichomwa barabarani zikaisha.

Nishati yetu wenyewe tunayo. Gesi asilia ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na tangu 2004 inafika Dar es Salaam kwa bomba. Kilo moja ya gesi ya magari huuzwa kwa takriban nusu ya bei ya lita ya petroli, na gari huenda nayo mbali zaidi. Madereva wanalijua hilo, ndiyo maana foleni kwenye vituo vya gesi ni ndefu. Lakini dereva anayekaa saa nzima kwenye foleni hapati abiria, na nafuu yote inaishia hapo.

Tunaiomba Serikali ifanye mambo matatu. Kwanza, iharakishe vituo vya kujazia gesi, na visiishie Dar es Salaam: barabara ya Morogoro hadi Dodoma na kwingineko ivipate pia. Pili, benki ziwezeshwe kutoa mikopo nafuu ya kufunga mfumo wa gesi, mwenye bajaji au daladala alipe kidogo kidogo kutokana na anachookoa. Tatu, karakana zinazofunga mifumo hiyo zikaguliwe, kwa sababu mtungi uliofungwa vibaya ni hatari kwa abiria.

Nanyi wenye magari, msikwepe ukaguzi kwa kukimbilia fundi wa bei rahisi.

Bei ya mafuta ya dunia hatuipangi sisi. Idadi ya vituo vya gesi tunaipanga wenyewe, na miaka zaidi ya 20 tangu bomba lifike mjini ni mingi mno kusubiri.