Ni Ndege Gani Hiyo?

 Kama mwenzako yuko pembeni, msomee kwa sauti.

Mwezi uliopita mume wangu alirudi kutoka kazini na furaha zake, simu mkononi. Kapata tiketi za Dubai kwa bei nzuri, tukaadhimishe miaka saba ya ndoa. Badala ya kumrukia shingoni, mimi nikauliza, "Ni ndege gani hiyo?" Akanitazama kama nimemuuliza rubani kala nini. "Mke wangu, ndege ni ndege. Inapaa, inatua." Nikasema hapana, nataka kujua ni Boeing au Airbus, na kama ni Boeing, ni ipi. Chakula kikapoa mezani.

Siogopi ndege, jamani. Ila tangu Machi 10, 2019 mimi si mtu wa kupanda tu. Asubuhi ile ndege ya Ethiopian Airlines iliondoka Addis Ababa kuja Nairobi, ikaanguka dakika kama sita tu baada ya kuruka. Watu 157 walikufa, 32 kati yao Wakenya. Miezi mitano kabla, Oktoba 29, 2018, ndege ya aina ile ile, Boeing 737 MAX 8 ya Lion Air, ilikuwa imetumbukia baharini karibu na Jakarta na watu 189. Jumla 346. Nikaanza kusoma kila nilichopata kuhusu hizi kampuni mbili, mpaka mume wangu akawa ananitania kwamba nimeajiriwa na mmojawapo.

Kumbe mwanzoni kila mmoja alikuwa na ndoto yake. Airbus, wale wa Ulaya, walisema abiria watazidi kujazana kwenye viwanja vikubwa, kwa hiyo dawa ni ndege kubwa kuliko zote: A380, ghorofa mbili kutoka mbele hadi nyuma. Boeing wa Marekani wakasema hapana, watu wanataka kwenda moja kwa moja bila kubadilisha ndege, wakaleta 787 Dreamliner. Wote walijikwaa. A380 ilichelewa kwa sababu mafundi wa Ujerumani na wale wa Ufaransa walikuwa wanachora kwa matoleo tofauti ya programu ile ile. Walipokuja kuunganisha, nyaya hazikufika zilipotakiwa. (Nyumba moja, michoro miwili. Wangapi tunaishi hivyo?) Dreamliner nayo ilionyeshwa kwa mbwembwe Julai 8, 2007, ndani tupu kama sanduku, ikaja kuruka Desemba 2009. Mwishowe soko likaamua: A380 ya mwisho ilikabidhiwa Desemba 2021, ikiwa ya 251, wakati Dreamliner zimeshavuka elfu moja.

Mimi hapo sina neno. Ukikosea kwa ndoto yako mwenyewe, angalau ni yako. Balaa lilianzia kwenye ndege za kawaida, zile za njia moja katikati ya viti, ambazo ndizo zinazoingiza hela.

Desemba 2010 Airbus walitangaza A320neo. Ni ndege yao ile ile, ila kwa injini mpya zinazokula mafuta kidogo. Boeing walikuwa bado wanawaza kama watengeneze ndege mpya kabisa. Juni 2011, kwenye maonyesho ya Paris, oda za neo zikamiminika. Julai ikawa aibu: American Airlines, mteja wa Boeing wa miaka nenda rudi, akasema anachukua Airbus 260. Boeing naye alipewa oda ya 200, lakini sikia hii: 100 kati ya hizo zilikuwa za 737 yenye injini mpya, ndege ambayo bodi ya Boeing ilikuwa haijaipitisha rasmi! Wakaipitisha Agosti. Ndoto ya ndege mpya ikawekwa kabatini.

Tatizo, 737 iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1967 na iko chini chini. Injini mpya ni kubwa, hazienei vizuri chini ya bawa, ikabidi zisogezwe mbele na juu. Hiyo ikafanya pua ya ndege ipende kupanda katika hali fulani. Basi wakaweka programu, MCAS, ya kuisukuma pua chini yenyewe. Programu ikawa inasikiliza kihisio kimoja tu, wakati ndege ina viwili. Kikidanganya, nayo inadanganyika.

Na marubani hawakuambiwa. Kitabu chao hakikuielezea. Sehemu ya kuuzia ndege ilikuwa kwamba aliyezoea 737 ya zamani hatahitaji kurudi kwenye simuleta. Kampuni ya Southwest iliahidiwa punguzo la dola milioni 1 kwa kila ndege kama ingehitajika. Yaani ukimya ulikuwa na bei.

Nilikuwa namweleza mume wangu haya yote pale mezani, kwa hasira kabisa, nilipofika hapo kwenye ukimya nikakwama.

Mwaka juzi marafiki zetu walinunua gari. Wiki tatu baadaye na sisi tukawa nalo, la kwetu likiwa refu kidogo. Mume wangu alijua tumekopa. Hakujua kwamba mkopo haukutosha, na kilichojazia ni akiba ya ada ya mtoto, niliyoitoa mimi. Nilijiambia nitairudisha kabla hajashtuka, hakuna haja ya kumsumbua. Akaunti ile tunaisaini wawili lakini kadi nashika mimi. Kihisio kimoja.

Nikamwambia. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Aliuliza ni kiasi gani, akaondoa sahani, akaosha vyombo peke yake. Siku mbili tukawa tunaongea habari za chumvi na funguo tu.

Siku ya tatu akafungua kompyuta akaniita. Alikuwa amekuta jibu la swali langu: ndege yetu ni 737 MAX. Akanisomea kama mwalimu. Zilizuiwa duniani Machi 2019, Marekani ikaziruhusu tena Novemba 2020. MCAS sasa inalinganisha vihisio vyote viwili, na marubani wanapita kwenye simuleta. Akaongeza kwamba hata Air Tanzania walipokea MAX 9 Oktoba 2023, nao wana Airbus A220 pia, kwa hiyo nisijifanye nitawakwepa Boeing. Nikamkumbusha kibao cha mlango kilichochomoka angani kwenye MAX 9 ya Alaska Airlines, Januari 5, 2024. Akasema hicho alikuwa anasubiri nikitaje.

Tiketi hatujabadilisha. Gari liko sokoni, bei inajadilika. Benki wameshatengeneza kadi ya pili, na Jumatatu anakwenda kuichukua mwenyewe.